Kufungua viungo vya "Anyone" kwenye SharePoint na OneDrive bila kuiacha ofisi nzima wazi

Idara ya manunuzi ina nyaraka za zabuni, michoro imo ndani, na faili ni zito kiasi kwamba barua pepe inalikataa. Wazabuni wanaozihitaji hawana akaunti ya Microsoft, na hakuna sababu ya kuwalazimisha wafungue. Ofisa manunuzi anaziweka SharePoint, hifadhi ya mafaili ya ofisi iliyo mtandaoni, anabofya kitufe cha kushea, anakuta chaguo la "Anyone" limefifia na halibofyeki, kisha anampigia simu mtu wa TEHAMA. Mwongozo huu ni wa huyo anayepigiwa simu.

Kiungo cha "Anyone" hufungua faili bila kuuliza jina, barua pepe wala kitambulisho chochote. Ni kama noti ya elfu kumi: aliye nayo mkononi ndiye mwenyewe, hata kama imepita mikono mingapi. Kikiingia kwenye grupu la WhatsApp, wote waliomo wamepata ruhusa, na atakayekifowadi kwa shemeji yake hatahitaji kukuuliza. Hiyo ndiyo kazi yake, wala si hitilafu. Ila kwa sababu hiyohiyo nashauri usikifungue kila mahali. Tengeneza saiti moja (sehemu ya SharePoint yenye mafaili na ruhusa zake) kwa ajili ya nyaraka zinazotoka nje, fungua hiyo, na nyingine ziache zilivyo.

Kabla ya kugusa chochote

Uliza swali moja: wapokeaji wanajulikana? Ukiwa na majina na barua pepe zao, huhitaji kiungo cha "Anyone" hata kidogo. Tumia "Specific people"; mpokeaji ataandika barua pepe yake, atatumiwa namba ya uthibitisho, na ataingia. Inafanya kazi hata kwa mtu wa Gmail. Viungo visivyo na jina vifae pale ambapo humjui mpokeaji, au wapokeaji ni wengi, au hati yenyewe ni ya wazi kwa umma: tangazo la zabuni, fomu tupu, ripoti ya mwaka iliyokwisha kuchapishwa, bango la mkutano linalokwenda kwa mchapaji.

Orodha ya mishahara, matokeo ya vipimo vya wagonjwa, nakala za vitambulisho vya wateja: hizo hapana, bosi aseme asemavyo. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hii ya Kenya huipa taasisi inayodhibiti data saa 72 kumjulisha Kamishna baada ya kugundua uvujaji wenye hatari kwa wahusika. Kiungo kilichozagaa cha faili la namna hiyo ni uvujaji, hata kama hakuna aliyedukuliwa.

Utahitaji cheo cha msimamizi wa SharePoint au msimamizi mkuu wa Microsoft 365. Mwenye saiti peke yake hawezi kufungua mlango huu; anaweza tu kuubana zaidi.

Hatua ya 1: Dari la taasisi nzima

Ingia kwenye kituo cha usimamizi cha SharePoint. Kushoto bofya "Policies", kisha "Sharing". Utaona vitelezi viwili vilivyosimama sambamba, kimoja cha SharePoint, kingine cha OneDrive (hifadhi ya mafaili ya kila mfanyakazi), kila kimoja kikiwa na ngazi nne. Ya juu kabisa ni "Anyone", yaani yeyote mwenye kiungo. Chini yake ni wageni wapya na wa zamani, ambao lazima wajithibitishe. Ya tatu ni wageni ambao tayari wamo kwenye orodha yenu. Ya chini kabisa ni watu wa ndani tu.

Pandisha kitelezi cha SharePoint hadi "Anyone". Cha OneDrive kiache chini. OneDrive haiwezi kuwa wazi kuliko SharePoint, lakini inaruhusiwa kubanwa zaidi, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa: wanapandisha vyote viwili kwa pamoja. OneDrive ya mfanyakazi ndimo kunamolala rasimu, skani za pasipoti, na lahajedwali la mkopo wa SACCOS. Kwa chaguo-msingi kila OneDrive inakubali "Anyone", kwa hiyo ukipandisha kitelezi chake umewafungulia wafanyakazi wote siku hiyohiyo.

Kitelezi hiki ni dari. Kukipandisha hakumaanishi kila saiti imefunguka, kwa kuwa kila saiti ina kiwango chake. Saiti zilizotokana na timu za Teams kwa kawaida huishia kwenye ngazi ya wageni wanaojithibitisha. Saiti za mawasiliano huanza zikiwa za watu wa ndani tu. Ila kuna moja ya kuitazama kwa jicho kali: saiti mama, ile yenye anwani ya jina lenu tupu mbele ya sharepoint.com. Hiyo chaguo-msingi lake ni "Anyone". Kama dari lenu lilikuwa chini, saiti mama ilikuwa imefichwa na dari; ukilipandisha, nayo inafunguka bila kukuaga.

Kwa hiyo mara tu baada ya kupandisha, hesabu zilizo wazi. Kwenye PowerShell (dirisha la kuandikia amri) yenye moduli ya SharePoint Online:

Connect-SPOService -Url https://jinalenu-admin.sharepoint.com

Get-SPOSite -Limit All | Where-Object {$_.SharingCapability -eq "ExternalUserAndGuestSharing"} | Select Url

Neno hilo refu, ExternalUserAndGuestSharing, ndilo jina la "Anyone" kwa lugha ya amri. Linachanganya, kwa sababu linafanana mno na ExternalUserSharingOnly, ambalo ni la wageni wanaojithibitisha. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Saiti yoyote itakayotokea kwenye orodha na hukuikusudia, ishushe:

Set-SPOSite -Identity https://jinalenu.sharepoint.com -SharingCapability ExternalUserSharingOnly

Hatua ya 2: Saiti moja ya nje

Tengeneza saiti mpya isiyofungamana na timu yoyote, uipe jina linalojieleza: Nyaraka za Nje, Zabuni, au Kwa Umma. Jina lina kazi. Mfanyakazi anayeburuta faili kulipeleka kwenye saiti inayoitwa Kwa Umma anajua anachokifanya.

Rudi kituo cha usimamizi, "Sites", kisha "Active sites". Chagua saiti hiyo, fungua mipangilio yake, na kwenye sehemu ya kushea nje weka "Anyone". Kwa amri:

Set-SPOSite -Identity https://jinalenu.sharepoint.com/sites/kwa-umma -SharingCapability ExternalUserAndGuestSharing

Kisha ingia ndani ya saiti yenyewe, alama ya gia, ruhusa za saiti, mahali pa kubadilisha namna wanachama wanavyoshea. Chagua wenye saiti peke yao ndio washee. Wanachama wengine watapakia na kuhariri, lakini kiungo kitatolewa na watu wawili au watatu wanaojulikana. Ofisini kwenu watalalamika kwamba ni urasimu. Acha walalamike.

Njia nyingine, kama hutaki saiti ya peke yake, iko palepale kwenye ukurasa wa "Sharing" wa taasisi nzima, kwenye mipangilio ya ziada: unaweza kuamuru kwamba ni wanachama wa kundi fulani la usalama tu ndio wanaoshea nje, na kwa kila kundi ukaeleza kama linaruhusiwa "Anyone" au wageni waliojithibitisha pekee. Inafaa taasisi kubwa zenye makundi yaliyopangwa vizuri. Ofisi ya watu arobaini ambako makundi hayajasafishwa tangu mfumo ulipowekwa, saiti moja ni rahisi zaidi kuilinda.

Hapohapo kuna chaguo la kuzuia au kuruhusu domeni fulani. Usiliegemee kwa shughuli hii. Linachuja wageni wanaotaja barua pepe zao, na mwenye kiungo cha "Anyone" hatajwi wala haulizwi.

Hatua ya 3: Muda na nguvu ya kiungo

Kama kuna hatua moja ya kutoruka, ni hii. Mwezi Juni 2023 watafiti wa kampuni ya usalama ya Wiz waligundua kiungo ambacho wafanyakazi wa Microsoft wenyewe walikuwa wamekiweka GitHub, tovuti ya kushea programu, ili watu wapakue modeli za akili mnemba. Kilikuwa kiungo cha hifadhi ya Azure, huduma nyingine ya mtandaoni ya Microsoft, si cha SharePoint, lakini tabia yake ni ileile: mwenye anwani anaingia. Kilipaswa kutoa folda moja. Kilitoa akaunti nzima ya hifadhi, terabaiti 38, zikiwamo nakala rudufu za kompyuta za wafanyakazi wawili na zaidi ya jumbe 30,000 za ndani za Teams. Tena hakikuwa cha kusoma tu. Aliyekuwa nacho angeweza kufuta na kuandika juu ya mafaili. Tarehe yake ya kuisha ilikuwa mwaka 2051.

Makosa mawili katika kiungo kimoja, basi: nguvu kupita kiasi na muda kupita kiasi. SharePoint inakupa breki za yote mawili, kwenye ukurasa uleule wa "Sharing", chini, penye kichwa cha viungo vya "Anyone".

Kwanza, weka tiki kwenye sharti la kuisha muda na uandike siku. Kiwango cha juu kabisa kinachokubalika ni siku 730. Mimi ningeanza na 30. Zabuni nyingi hazizidi hapo, na anayehitaji zaidi atatoa kiungo kipya. Kwa amri ni Set-SPOTenant -RequireAnonymousLinksExpireInDays 30. Ukija kupunguza siku baadaye, viungo vya zamani vyenye muda mrefu vinavutwa vifuate sharti jipya. Ukiongeza, vya zamani vinabaki na tarehe yake.

Pili, nguvu. Kwa mafaili chagua kutazama tu. Kwa folda pia kutazama tu, isipokuwa utahitaji watu wa nje wakupakie mafaili, jambo ambalo nalieleza mbele kidogo.

Ukiwa bado hapo, angalia aina ya kiungo inayojitokeza yenyewe mtu akibofya kushea. Iweke "Specific people". Watu wengi hawabadilishi kinachojitokeza, kwa hiyo "Anyone" ikiwa ndiyo ya kwanza, baada ya miezi michache utakuta hata ratiba ya usafi wa choo ina kiungo cha dunia nzima.

Hatua ya 4: Kutoa kiungo

Sasa mfundishe ofisa manunuzi. Afungue saiti kwenye kivinjari, achague faili, abofye "Share", kisha alama ya gia ya mipangilio ya kiungo. Achague "Anyone", ahakikishe ruhusa ni ya kutazama, aweke tarehe ya kuisha. Hapo kuna nafasi ya nywila pia. Nywila ni nzuri mradi haitumwi kwenye ujumbe uleule uliobeba kiungo, na kila mtu hufanya hivyohivyo. Kiungo kiende kwa barua pepe, nywila iende kwa SMS au kwa simu.

Swichi ya kuzuia kupakua ipo kwa viungo vya kutazama tu. Haimzuii mtu kupiga picha kioo cha kompyuta, na kwa nyaraka za zabuni ni kero, maana mzabuni anahitaji kuzichapa. Iache.

Akishakopi kiungo, akitazame kidogo kabla ya kukibandika. Kwenye anwani, baada ya jina lenu, kuna herufi iliyozungukwa na nuktapacha: w ni hati ya Word, x ni lahajedwali la Excel, b ni PDF, f ni folda. Akiona f ilhali alidhani anashea faili moja, asimame hapohapo. Kushea folda ni kushea kila kitakachotupwa humo kesho na keshokutwa.

Kisha ajaribu. Asijaribu kwenye kompyuta yake ya ofisini, kwa kuwa kivinjari kinamjua na kitamfungulia hata kiungo kibovu. Atumie dirisha la faragha, au afadhali simu iliyotolewa kwenye Wi-Fi ya ofisi, kwa bando lake. Ukurasa ukiomba kuingia kwa akaunti, kiungo si cha "Anyone".

Kupokea mafaili kutoka kwa wasio na akaunti

Hili huombwa na watu wa rasilimali watu: waombaji wa kazi wapakie CV na vyeti bila kuona vya wenzao. Kumpa mwombaji kiungo cha kuhariri folda ni hatari, kwani ataona na kufuta vya wengine. Kuna kitu kinaitwa "Request files" kinachofanya hasa kazi hii: unachagua folda, unaeleza unachotaka, unatoa kiungo. Mpakiaji anaandika jina lake, anapakia, na haoni chochote kilichomo.

Ili kitokee, sehemu mbili lazima zikubali: mahali folda ilipo pawe na "Anyone", na ruhusa ya viungo vya folda kwenye ukurasa wa taasisi iwe ile ya kutazama, kuhariri na kupakia. Hapo kuna bei unayolipa, maana ruhusa hiyo ya folda inakwenda kwa kila mahali penye "Anyone". Ndiyo faida nyingine ya kuwa na saiti moja: penye "Anyone" ni mahali pamoja tu. Jina analoandika mpakiaji halithibitishwi na mtu. Akiandika Rais wa Jamhuri, mfumo utaamini.

Chaguo la "Anyone" bado limefifia?

Fuata ngazi kutoka juu. Dari la taasisi kwanza, kisha saiti, kisha lebo. Kama taasisi yenu inatumia lebo za usiri na saiti imebandikwa lebo inayokataza wageni, hutaweza kuifungua kwa kitelezi mpaka ubadilishe lebo. Halafu angalia kama mtu mwenyewe yumo kwenye kundi lililoruhusiwa, na kama saiti imewekwa wenye saiti tu ndio washee. Mabadiliko nayo huchukua muda kusambaa. Mwambie mtu atoke, aingie tena baada ya chai.

Kukifunga na kukifuatilia

Kiungo hufutwa kwenye faili lenyewe: "Manage access", sehemu ya viungo, alama ya pipa. Kikifutwa kimekufa, na ukitoa kingine kitakuwa na anwani mpya. Kumbuka kwamba faili moja likitolewa kiungo cha aina ileile mara mbili, kwa kawaida unapewa kilekile. Kama ulimpa Juma na Asha, huwezi kumfungia Juma ukamwachia Asha. Ukitaka kumtenga mmoja, ulihitaji "Specific people" tangu mwanzo.

Kumbukumbu za viungo zinapatikana kwenye Microsoft Purview, kituo cha Microsoft cha kulinda na kukagua data, sehemu ya ukaguzi. Tafuta matukio ya AnonymousLinkCreated, kiungo kilipotengenezwa, na AnonymousLinkUsed, kilipotumika. La kwanza litakupa jina la mfanyakazi aliyekitoa. La pili halina jina. Litakupa anwani ya IP na saa, basi. Kwa mtandao wa simu, ambako wateja wengi hutumia anwani moja ya nje, IP haikupeleki mbali. Kwa leseni za kawaida kumbukumbu hizi hukaa siku 180, kwa hiyo zipakue kila robo mwaka kama mkaguzi wenu ni wa kuuliza mambo ya mwaka jana.

Mwenye saiti naye anaweza kufungua ukurasa wa matumizi ya saiti na kuendesha ripoti ya vilivyoshewa nje. Inatoka kama CSV na inafunguka kwenye Excel.

Kama ofisi yenu iko Google

Mantiki ni ileile, mlango tofauti. Kwenye kituo cha msimamizi cha Google Workspace nenda "Apps", "Google Workspace", "Drive and Docs", kisha mipangilio ya kushea. Ruhusu kushea nje ya taasisi, halafu chini yake weka tiki kwenye kipengele kinachowaruhusu watu kufanya faili lionekane kwa yeyote mwenye kiungo. Kizuri cha Google ni kwamba mpangilio huu huwekwa kwa kitengo cha shirika, kwa hiyo manunuzi na mawasiliano wanaweza kufunguliwa huku uhasibu na rasilimali watu wakibaki wamefungwa. Panga vitengo kwanza, fungua baadaye.

Kwenye faili lenyewe mtumiaji anachagua "Anyone with the link" na nguvu yake: kutazama, kutoa maoni, au kuhariri. Wanaoingia bila kutajwa huonekana juu ya hati kama wanyama wasio na jina. Ukimwona mnyama kwenye hati ambayo hukuitoa nje, nenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kushea uirudishe "Restricted". Siku ya mwisho ya zabuni iandike kwenye kalenda ya ofisa manunuzi, ukumbusho uwe asubuhi, na kazi iliyoandikwa humo iwe hiyohiyo ya kurudisha "Restricted".